Tupeane uzoefu: baridi ya majira ya kuchipua, mbegu na malisho

Ndugu wanajamvi, sisi tuliokulia kwenye kilimo cha kungojea mvua tunalazimika kujifunza upya tukilima ughaibuni, kwa kuwa theluji ikishayeyuka unyevu upo tele, na kinachongojewa ni udongo kupata joto. Aliyewahi kucheleweshwa na baridi hiyo atusimulie. Naanza mwenyewe.

Niko Iowa, Marekani. Aprili ya 2018, iliyokuwa ya baridi kuliko Aprili zote katika kumbukumbu za jimbo hili, jua la siku mbili lilinidanganya nikapanda mahindi. Udongo ulikuwa haujafika nyuzi 10 za Selsiasi, na mbegu ya mahindi inayofyonza maji ya baridi katika saa 24 hadi 48 za mwanzo huumia kabla hata haijaota. Nilipofukua nilikuta nyingine zimelainika kama uji, nyingine zimetoa chipukizi lililojisokota chini kwa chini bila kutoboa ardhi. Nilinunua mbegu mara ya pili. Jirani yangu mzee, ambaye alikuwa hajapanda hata punje, alinionyesha kipimajoto anachokichomeka ardhini kila asubuhi. Kalenda yeye haitazami.

*Kutoka Ireland:*
Mwaka huohuo nilikuwa mkamuaji hapa. Ng'ombe huku hupangiwa kuzaa Februari na Machi ili maziwa yaanze pamoja na nyasi, lakini nyasi hazikui ipasavyo udongo ukiwa chini ya nyuzi 5 au 6. Theluji kubwa ya mwanzoni mwa Machi ilifuatwa na wiki nyingi za baridi na matope, kwa hiyo ng'ombe walizaa kwa wakati na malisho hayakuota kwa wakati. Akiba ya silaji, yaani majani mabichi yaliyovundikwa, iliisha, na nchi ikaagiza nyasi kavu kutoka ng'ambo. Marobota tuliyagawa kwa kuhesabu, jambo ambalo sikutarajia kuliona katika nchi ya kijani kama hii.

*Kutoka Makete, Tanzania:*
Huku sakitu ya Juni na Julai hubabua viazi vyetu, kwa hiyo naelewa. Ndugu wa Ireland, nyasi zilipoota hatimaye, mliwaachilia ng'ombe moja kwa moja?

*Kutoka Ireland:*
Hapana, ndugu yangu. Nyasi changa za wakati wa baridi huwa na madini ya magnesiamu kidogo, na ng'ombe anayenyonyesha huweza kuanguka akitetemeka na kufa ndani ya saa chache. Tuliwaongezea magnesiamu kwenye pumba, tukawatoa saa chache tu kwa siku.