Naomba ushauri: mwanafunzi kajisema mwenyewe, nimwadhibu?

Habari zenu ndugu zangu. Nafundisha usimamizi wa usafiri wa anga chuo kimoja hapa Arusha. Vijana wangu wengi wanatamani kazi KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Kila siku nawaambia: ukikosea, sema, na ukiona shaka, uliza. Kule kisiwani Tenerife, Uhispania, mwaka 1977, mhandisi ndani ya ndege ya KLM iliyokuwa ikianza kuruka aliuliza kama ile ya Pan Am imeshatoka kwenye njia ya kurukia. Rubani mkuu akajibu imetoka, akaendelea kuruka, na ndege hizo mbili zikagongana. Watu 583 walikufa.

Sasa kijana mmoja amenifuata na kukiri kwamba amekuwa akimsainia mwenzake mahudhurio. Hakuna aliyemkamata. Kanuni za chuo zinataka adhabu. Nikimwadhibu, nani darasani atafungua mdomo tena? Lakini kumsainia mtu si bahati mbaya, ni udanganyifu, na kesho huyuhuyu atasaini fomu za ukaguzi wa usalama. Hata kwenye anga kosa la kupitiwa na la makusudi hayapimwi sawa. Hapo ndipo ninapokwama, na kijana mwenyewe ni msikivu kweli.

Walimu wenzangu, nanyi mnaofanya kazi viwanjani, mngeamuaje? Na yule aliyesainiwa, ambaye bado kanyamaza, nianzie wapi naye?