Naomba ushauri: nijiandaeje kwa mtihani wa watu wazima wa kuingia chuo kikuu?

Mtoto wa Kaunta
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni kijana wa Morogoro. Nilihitimu kidato cha nne mwaka 2017 nikapata daraja la nne la pointi 27, yaani C moja ya Kiswahili na D sita. Sikurudia mtihani kwa sababu nyumbani hapakuwa na fedha, hivyo nimekaa miaka tisa nikiuza dawa katika duka la dawa muhimu la shangazi yangu. Dada yangu ninayemfuata, ambaye amenizidi mwaka mmoja na miezi minane tu, amekwishahitimu shahada, na kila sikukuu tunapokutana huniuliza kwa upole kama bado nipo kaunta. Nimesikia kwamba ipo njia ya kuingia chuo kikuu bila kidato cha sita wala stashahada, kwa mtihani wa watu wazima ambao siku hizi unaitwa RPL, yaani kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa, na kwamba uzoefu wa kazi unatambuliwa. Nataka kusoma sheria. Maombi yanafungwa baada ya wiki mbili, na usingizi umeniruka. Naomba anayeujua mtihani huo anieleze ulivyo.

Bi Chaki
Mdogo wangu, mimi nimepita njia hiyo nikiwa na miaka 34 na watoto wawili, kwa hiyo nitakueleza ninachokijua. Kabla ya hapo, nijibu jambo moja: una umri gani?

Ng'ombe wa Maskini
Kwa nini sheria? Mawakili wamejaa mjini kuliko bodaboda. Ungebaki na dawa, kwani watu hawaachi kuumwa.

Mzee wa Kihonda
Vijana wa leo mnadhani njia hii ni mpya. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, hata sisi tuliofaulu kidato cha sita hatukwenda chuo kikuu moja kwa moja. Ulikwenda Jeshi la Kujenga Taifa, kisha ukafanya kazi, na mwajiri pamoja na chama wakakuandikia kwamba una tabia njema. Mimi nilimaliza mwaka 1977 nikapelekwa kutunza ghala la pamba, na bwana mmoja katika tawi letu alikataa kuniandikia barua kwa sababu nilicheka mkutanoni. Nilisubiri mwaka mzima kwa ajili ya kicheko kimoja. Nilipofika chuoni, nilikaa darasa moja na mabwana shamba na wauguzi waliokuwa na watoto wakubwa, na katika semina wao ndio walioongoza mazungumzo, kwa sababu walikwishayaona mambo ambayo sisi tuliyasoma tu.

Mtoto wa Kaunta
Ahsanteni. Dada Bi Chaki, umri si tatizo, nitakuwa ndani ya vigezo. Naomba tuzungumzie mtihani wenyewe.

Bi Chaki
Hilo neno "nitakuwa" nimeliona, na nitalirudia.

Mtihani nilioufanya ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya jumla: kuandika, kufahamu habari uliyoisoma, hoja na mambo ya nchi na dunia. Ya pili ilihusu fani unayoiomba. Wengi wetu tuliiogopa ya pili, lakini iliyotuumiza ni ya kwanza, kwa sababu inaandikwa kwa Kiingereza, na mtu aliyekaa miaka kumi akizungumza Kiswahili kazini na nyumbani anagundua siku hiyo kwamba mawazo anayo ila sentensi hana. Mimi niliamka saa kumi alfajiri kwa miezi mitano, nikaandika insha moja kwa mkono, nikiiwekea saa. Nasema kwa mkono, maana vidole vilivyozoea simu huchoka ukurasa wa pili, nawe umebakiwa na saa mbili za mtihani. Kila Jumapili nilimpelekea mwalimu mstaafu jirani yetu insha zote, naye alizirudisha zikiwa nyekundu kama nyama buchani.

Kwa fani nilisoma vitabu vya kidato cha tano na cha sita, hasa Historia na Maarifa ya Jumla, pamoja na mitihani iliyopita ya Baraza la Mitihani. Liko pia jalada la vielelezo: wasifu, barua za waajiri, vyeti vya mafunzo mafupi. Usilijaze takataka. Mimi niliweka hata cheti cha kushiriki mbio za hisani, na kwenye usaili wakaniuliza kinahusiana nini na ualimu.

Sasa rudi kwenye swali langu.

Kalamu Nyekundu
Mbona mnamchosha? Chuo Kikuu Huria kina kozi ya msingi. Aende huko, apate wastani wa alama 3.0, aingie shahada bila mtihani wowote wa watu wazima.

Bi Chaki
Kozi ya msingi haimfai, ndugu yangu. Pamoja na hiyo 3.0, inamtaka mtu awe na angalau pointi 1.5 za masomo mawili ya kidato cha sita, au stashahada, au cheti cha ngazi ya tano ya elimu ya ufundi (NTA). Yeye ana kidato cha nne tu.

Mtoto wa Kaunta
Sawa, nitasema. Nilizaliwa tarehe 12 Novemba 2000. Tangazo la chuo ninachokitaka linasema mwombaji awe ametimiza miaka 25 ifikapo tarehe 1 Septemba ya mwaka anaoomba. Nimepungukiwa wiki kumi na siku mbili. Kwa kuwa cheti changu cha kuzaliwa kilipotea, wakili mmoja ameniambia anaweza kuniandalia hati ya kiapo inayoonyesha kwamba nilizaliwa Novemba 1999, na nimekwishampa shilingi elfu thelathini. Kabla hamjanihukumu, nawaomba mfikiri: wiki kumi zinabadilisha nini katika akili ya mtu? Wapo wenye miaka 40 wasiojua wanachokitaka.

Ng'ombe wa Maskini
Mwanasheria mtarajiwa anaanza safari yake kwa kiapo cha uongo. Angalau atalijua somo la jinai kabla ya darasa la kwanza.

Kalamu Nyekundu
Kuapa uongo ni kosa la jinai, na huyo aliyepokea elfu thelathini anajua hivyo kuliko wewe. Tena kitambulisho cha Taifa unacho? Tarakimu nane za mwanzo za namba yake ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Utawasilisha kiapo kinachosema 1999 na namba inayoanza na 20001112 katika bahasha moja.

Mtoto wa Kaunta
Kitambulisho wanaweza wasikiombe.

Mtu wa Hesabu
Wakuu, mimi nadhani tunachezewa. Huyu bwana amehitimu kidato cha nne mwishoni mwa 2017, na sasa ni Julai 2025. Hiyo haifiki hata miaka minane, lakini yeye ana uzoefu wa miaka tisa. Kila tukimbana linatoka jambo jipya: kwanza umri, kisha cheti kilichopotea, kisha wakili. Nyuzi za aina hii hutungwa na watu wanaotaka kuona nani atawafundisha kughushi. Napendekeza tusimjibu tena.

Mzee wa Kihonda
Na mimi nilianza kushuku. Sauti yake imenyooka mno kwa mtu asiye na usingizi.

Mtoto wa Kaunta
Sijatunga chochote. Nilianza kukaa dukani nikiwa kidato cha tatu, Jumamosi na wakati wa likizo, ndiyo maana nahesabu tangu 2016. Shangazi ameniandikia barua inayosema miaka tisa.

Bi Chaki
Namwamini, kwa sababu mtunzi angepanga hesabu zake vizuri zaidi. Ila barua hiyo nayo irekebishwe. Iseme ulianza kazi ya kudumu lini na hasa ulifanya nini. Kupokea dawa, kuangalia tarehe za kuisha muda, kutunza daftari la mauzo, kumkatalia mteja anayetaka dawa isiyoruhusiwa kuuzwa duka la ngazi hiyo: hayo ndiyo yanayosomwa, na kwa mtu wa sheria hilo la mwisho lina uzito.

Mtu wa Hesabu
Nakubali kuhusu duka. Lakini nimepiga hesabu nyingine. Dada yako amekuzidi mwaka mmoja na miezi minane, kwa hiyo alizaliwa Machi 1999. Ukihamia Novemba 1999, mtakuwa mmepishana miezi minane, mama mmoja. Huyo wakili alimuuliza mama yako?

Ng'ombe wa Maskini
Nimecheka hadi mke wangu ameamka.

Kalamu Nyekundu
Kama hutaki kusubiri, D zako zinatosha kuomba cheti cha sheria cha mwaka mmoja, kwa kuwa wanataka ufaulu wa masomo manne, halafu stashahada ya miaka miwili. Chuo cha Uongozi wa Mahakama kule Lushoto kinafundisha vyote viwili. Ukipata wastani wa 3.0 katika stashahada, unaomba shahada bila kuulizwa umri.

Mtoto wa Kaunta
Miaka mitatu ni mingi, mkuu. Mtihani wa mwakani ni mwaka mmoja.

Bi Chaki
Basi chagua mwakani, na mwaka huo si wa kusubiri, maana D ya Kiingereza haifutiki kwa wiki mbili hata ungekuwa na miaka 50.

Mtoto wa Kaunta
Nimempigia wakili. Amesema kiapo hakijagongwa mhuri lakini fedha hairudi. Shangazi ameahidi kuandika barua upya kesho. Dada Bi Chaki, insha ya kwanza niandike kuhusu nini?

Bi Chaki
Andika kama duka la dawa muhimu liruhusiwe kuuza antibayotiki zaidi ya zilizomo kwenye orodha yake. Kurasa tatu, dakika 45, kwa Kiingereza, kwa mkono. Piga picha uniletee hapa, hata ikiwa mbaya.

Mzee wa Kihonda
Uniletee na mimi. Kalamu nyekundu ninayo.