Mark X na matairi ya 235/45R18: Michelin, Yokohama au ya bei nafuu kwa barabara za Dodoma?

Mkazi wa Nkuhungu
Habari za jioni, wanajukwaa. Ninamiliki Toyota Mark X (GRX130) ya toleo la michezo, yenye matairi ya 235/45R18 (upana wa milimita 235, kimo cha ukuta asilimia 45 ya upana huo, rimu ya inchi 18) ambayo sasa yamekuwa kipara upande wa ndani. Siku za kazi ninazunguka mjini, na mara kwa mara ninakwenda Iringa kupitia Mtera. Dukani nimeambiwa kwamba fedha ya matairi mawili ya Michelin Pilot Sport inakaribia kutosha manne ya kutoka China, huku Yokohama yakiwa katikati. Ninapenda gari linalotulia kwenye kona, lakini mama yangu, ambaye ndiye abiria wangu mkuu, hulalamikia mgongo kila tunapopita kwenye matuta. Ningechagua lipi?

Fundi wa Area C
Mkuu, kabla ya majina ya matairi, shughulikia huo upande wa ndani. Tairi linaloliwa hivyo mara nyingi linaonyesha kwamba alaimenti (mpangilio wa pembe za magurudumu) imepotea au bushi (mipira ya viungo vya chini ya gari) zimechoka, na Pilot Sport jipya litaliwa vilevile, tena kwa hasara kubwa zaidi.

Pilot Sport ni tairi zuri kwa kazi yake. Mpira wake hushika lami, na kuta zake za ubavuni ni ngumu ili usukani ujibu haraka. Ugumu huohuo ndio unaofika mgongoni kwa mama. Hata ukibadilisha kampuni, ukuta wa 235/45 una kimo cha milimita 106 hivi, na hicho ndicho kimo chote kinachopokea tuta. Mark X ya kawaida ilitoka Japani na 215/60R16, ambayo ukuta wake ni milimita 129. Kipenyo cha gurudumu zima kinapungua kwa takriban milimita 4 tu, kwa hiyo kipima mwendo hakitadanganya. Aidha, matairi ya inchi 16 kwa kawaida ni nafuu kuliko ya 18, na shimo haliharibu rimu kirahisi. Kwa matumizi yako ningeshuka hadi 16.

Msafiri wa Nyang'oro
Nampinga fundi kwa heshima, japo hesabu yake ni sahihi. Anayeteremka na kupanda kona za milima ya Nyang'oro, kwenye njia yako ya Iringa, anajua jinsi ukuta mrefu unavyolaza gari na kuchelewesha usukani. Ningebaki na 18, nikaachana na Pilot Sport na kuchukua tairi la safari kama Michelin Primacy 4 au Bridgestone Turanza, ambayo yamelenga utulivu na ukimya kuliko mbio. Si ya bei rahisi, hilo nalikubali.

Kuhusu ya bei nafuu, kwenye lami kavu wengi hawataona tofauti kubwa katika mwendo wa kawaida. Tofauti hujitokeza unapokanyaga breki barabara ikiwa imelowa, hasa mvua za kwanza zinapokuta vumbi na mafuta ya miezi mingi ya kiangazi. Ukilazimika kuyanunua, soma ubavuni maandishi kama 94W: 94 maana yake kila tairi linabeba kilo 670, na W ni kasi ya kilomita 270 kwa saa. Hutaendesha hivyo, lakini usikubali kushuka chini ya viwango vilivyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, kwa sababu vinahusu pia uwezo wa tairi kuhimili joto.

Mkazi wa Nkuhungu
Nashukuruni. Nimepata rimu za inchi 16 zilizotumika, zikiwa na matairi yake kutoka Japani. Je, nichukue zote?

Fundi wa Area C
Rimu sawa, ila ivalishe moja mbele kwanza na uizungushe kwa mkono, kwa kuwa breki za toleo lako zinaweza kuwa kubwa na kalipa (kifaa kinachobana diski ya breki) ikagusa rimu. Matairi yale yaangalie tarakimu nne za mwisho za DOT, msimbo ulioandikwa ubavuni: 2317, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Kashata (vinundu vya tairi vinavyogusa barabara) zinaweza kuwa nene huku mpira umeshakakamaa, na mpira uliokakamaa hautampa mama utulivu wala hautakupa wewe breki.

Msafiri wa Nyang'oro
Hapo hatubishani. Akiamua 16, anunue matairi mapya ya Yokohama na fedha inayobaki iende kwenye bushi.