Gumzo la Ukoo wa Pongwe: kichwa cha Shangazi Mwanahawa

Hamisi: Assalaam alaykum wote. Shikamooni wakubwa. Shangazi Mwanahawa kichwa bado kinatikisika, kama mtu anayekataa kitu. Sasa na mkono wa kulia unatetemeka akiandika au akishika kikombe. Tarehe 14 ana kliniki ya mishipa ya fahamu Dar. Kule alikopimwa mwanzo aliambiwa ana ugonjwa wa Parkinson, akapewa dawa yake, levodopa. Mnaoyajua haya, aende na nini?

Zuhura (famasi): Waalaykum salaam. Hiyo levodopa anameza bado?

Hamisi: Anameza, mwezi wa tatu huu. Hakuna kilichobadilika.

Dkt. Idrisa: Msimwachishe wenyewe na msimwongezee. Hamisi, mkono ukiwa umelala mapajani, kaulegeza kabisa, unatetemeka?

Hamisi: Hapana kaka. Ukilala umetulia. Akinyanyua kitu ndiyo unaanza.

Dkt. Idrisa: Hapo Parkinson inaanza kupungua uzito. Mtetemo wake mara nyingi huonekana kiungo kikiwa kimepumzika, mipigo 4 hadi 6 kwa sekunde, na huanza upande mmoja. Tena mtetemo peke yake hautoshi kuiita Parkinson, lazima na mijongeo ya mwili iwe imepungua kasi. Na kichwa cha "hapana-hapana" si tabia yake, yeye hupenda kidevu na midomo.

Mwanaidi (fizio): Mimi mtetemo nauacha kwanza, naangalia mkao. Fungueni picha za Idi humu. Kila picha uso wa Shangazi umegeukia kushoto kidogo, bega la kushoto limepanda, na msuli wa mbele wa shingo upande wa kulia umetuna. Msuli hautuni bure, huo unafanya kazi mchana kutwa. Hiyo ni distonia ya shingo, na mtetemo umepanda juu yake.

Mama Mdogo Rukia: Wanangu, mie wa zamani. Distonia ndiyo nini?

Mwanaidi (fizio): Shikamoo Mama Mdogo. Ni ubongo kuiamuru misuli ikaze pasipohitajika, mara kwa mara au muda wote, kiungo kikapinda au kujinyonga upande uleule kila mara. Mtetemo ni kiungo kwenda na kurudi kwa mpigo. Watu hudhani ni magonjwa mawili mbalimbali, lakini yanakaa nyumba moja mara nyingi mno. Gari lililokosa alaimenti ukilazimisha usukani unyooke, unapiga mikononi. Shangazi naye shingo inamvutia kushoto, yeye anairudisha katikati ili atazame watu, na hapo kichwa kinatikisika zaidi.

Mama Mdogo Rukia: Marahaba mwanangu. Kumbe akikiachia kitatulia?

Mwanaidi (fizio): Ndicho kipimo chenyewe. Akae, afumbe macho, aambiwe "kiache kichwa kiende kinakotaka". Kikigeuka kushoto na mtetemo ukapungua au kufa, pale ndipo penye utulivu wake. Kisha ageuze polepole kulia hadi mwisho, na huko mtetemo huwa unazidi. Mtetemo wa asili, ule wa kurithi wa wazee wengi, hauna upendeleo wa namna hiyo. Geuza kulia, geuza kushoto, ni uleule.

Dkt. Idrisa: Ongeza kipimo cha kulala. Alale chali na kichwa kiegemee mto. Kichwa cha mtetemo wa asili kwa kawaida hutulia kikishaegemezwa. Cha distonia mara nyingi huendelea hata amelala. Kipimo hakina gharama, lakini kwenye kliniki yenye foleni hurukwa kwa sababu mgonjwa halazwi kitandani.

Hamisi: Kuna jambo. Akiweka kidole shavuni kichwa kinatulia. Watoto wanamcheka eti anapozi kwa picha 😅

Mwanaidi (fizio): Hamisi!! Hilo ungeanza nalo. Mguso mwepesi kwenye kidevu, shavu au kisogo unaotuliza kichwa ni dalili ya distonia. Angalia asikisukume kwa nguvu, maana ukikishikilia kichwa chochote kitatulia tu. Kidole kiguse, kisibebe. Wengine hutulia hata kidole kikikaribia kabla hakijagusa.

Shemeji Khalfan (Muscat): Hapa tunakubaliana shingo ni distonia. Mkono je? Nauliza kwa sababu mkono haujapinda.

Dkt. Idrisa: Umegusa penyewe shemeji. Kwa mgawanyo wa mitetemo wa 1998, mtetemo kwenye kiungo chenye distonia huitwa mtetemo wa kidistonia. Mtetemo kwenye kiungo kisicho na distonia, ila distonia iko kwingine mwilini, ni mtetemo unaoandamana na distonia. Mkono wa Shangazi ungeingia fungu la pili. Mgawanyo wa 2018 nao ukakaza masharti ya mtetemo wa asili: mikono yote miwili, wakati wa kufanya kazi, usiopungua miaka 3, na kusiwe na dalili nyingine kama distonia. Kichwa peke yake hakihesabiwi tena kuwa mtetemo wa asili.

Mwanaidi (fizio): Sikubali kwamba mkono hauna distonia, hakuna aliyeuangalia. Anyooshe mikono mbele, viganja chini, sekunde 20. Natafuta dole gumba linalonyanyuka, kifundo cha mkono kinachojikunja huku vidole vikijinyoosha, kidole kimoja kinachojitenga na wenzake. Kisha aandike mstari mmoja kwa mkono wa KUSHOTO, tuangalie wa kulia uliolala. Ukianza kujikunja wenyewe, distonia imo, ilijificha.

Dkt. Idrisa: Sawa, nakubali. Ila kidole kimoja kilichopinda kidogo kwa mtu wa miaka 63 kinaweza kuwa baridi yabisi. Msimpachike distonia kila aliyenyanyua dole gumba.

Mwanaidi (fizio): Ndiyo maana nasema video, daktari ajionee.

Zuhura (famasi): Kabla ya video, dawa. Hamisi, andika KILA anachomeza, pamoja na vya dukani. Salbutamoli ya pumu, valproeti ya kifafa na homoni ya thairoidi iliyozidi hutetemesha. Plasil ya kichefuchefu na haloperidoli ya maradhi ya akili zinaleta yote mawili, distonia na dalili za kama Parkinson. Plasil inaweza kumpinda mtu shingo na macho ndani ya siku chache za mwanzo. Na haloperidoli ya muda mrefu inaweza kuacha distonia isiyoondoka hata dawa ikisimamishwa.

Hamisi: Yeye ni ya presha tu, na ya pumu akibanwa.

Zuhura (famasi): Pumu! Basi propranololi isiguswe. Wengi wataikimbilia kwa kuwa ni rahisi na ndiyo ya kwanza kwa mtetemo wa asili, huanzia miligramu 40 mara mbili kwa siku. Kwa mwenye pumu inaziba njia za hewa. Tena kwa mtetemo wa kidistonia nguvu yake ni ndogo kuliko kwa mtetemo wa asili. Liandikwe juu ya karatasi kwa herufi kubwa: ANA PUMU.

Mjomba Shaabani: Kuna ile Artane ya wodi ya akili, si hutuliza misuli?

Zuhura (famasi): Shikamoo Mjomba. Ndiyo, benzheksoli. Kwa distonia ya vijana inasaidia, wanaanza na miligramu 1 au 2 na kupanda taratibu kwa wiki. Kwa umri wa Shangazi shida ni nyingi: mdomo mkavu, choo kigumu, mkojo kuzuilika, kusahau, na mwenye presha ya macho anaweza kupofuka. Mzee akianza kuongea na watu wasiokuwepo, mara nyingine ni kidonge hicho.

Dkt. Idrisa: Kwa shingo dawa yenyewe ni sindano ya botulinamu, inayolegeza msuli uliokaza. Uso ukigeukia kushoto, walengwa wakuu ni msuli wa mbele upande wa KULIA na msuli wa nyuma ya shingo upande wa KUSHOTO. Nguvu huanza kuonekana siku chache hadi wiki 2, inafika kilele karibu wiki ya 4 hadi 6, na hurudiwa kila baada ya wiki 12 au zaidi. Mkifupisha muda huo, mwili unaweza kutengeneza kinga dhidi yake. Kuna utafiti wa Ufaransa uliotoka 2023 kwa watu 117 wenye kichwa kinachotikisika. Walichomwa misuli ya nyuma ya shingo pande zote mbili mara mbili. Wiki ya 18, 31% walikuwa na nafuu ya wazi, dhidi ya 9% waliochomwa sindano isiyo na dawa. Si muujiza. Karibu nusu ya waliochomwa dawa yenyewe walipata madhara: maumivu ya shingo, shingo kulegea, kumeza kwa shida.

Mama Mdogo Rukia: Kumeza kwa shida! Huko si kumnyima chakula?

Dkt. Idrisa: Kwa wengi ni kwa wiki chache, Mama Mdogo. Hutokea zaidi dawa ikiingia nyingi kwenye ule msuli wa mbele. Akipaliwa, chakula kiwe laini, maji kidogo kidogo, na arudi hospitali mapema.

Zuhura (famasi): Uniti za Botox si uniti za Dysport. Karatasi iandikwe jina la dawa na idadi, si "uniti 200" tupu. Na ikae nyuzi 2 hadi 8 tangu bohari hadi kwa mchomaji. Ikisafirishwa kwa basi bila barafu mnalipia maji.

Shemeji Khalfan (Muscat): Isiposhika kabisa ndipo waya wa umeme unaopandikizwa ubongoni kwa upasuaji. Kwa distonia hulengwa kiini kiitwacho globasi palidusi, kwa mtetemo hulengwa thalamasi. Kwa hiyo jina la ugonjwa likikosewa mwanzo, na waya unaweza kwenda pasipo pake.

Mjomba Shaabani: Na yule binti wa jirani wa miaka 19, mikono inatetemeka na mdomo unapinda. Naye ni haya haya?

Dkt. Idrisa: Mjomba, huyo asisubiri. Kijana mwenye distonia na mtetemo apimwe ugonjwa wa Wilson, shaba kulundikana kwenye ini na ubongo: seruloplazimini (protini ya damu inayobeba shaba), shaba ya mkojo wa saa 24, na macho yaangaliwe kwa mashine ya taa nyembamba kutafuta pete ya kahawia. Ugonjwa huo una dawa, lakini ukicheleweshwa ubongo unaweza usirudi. Dalili zikizidi jioni na kupungua akilala, wajaribu levodopa kidogo. Kuna distonia inayoitikia dozi ndogo sana.

Hamisi: Nimeelewa. Video nipige vipi?

Mwanaidi (fizio): Simu kwenye meza, usiishike, mkono wako usije ukatetemesha picha. Mtandio ulegezwe shingo na mabega vionekane, awepo mwanamke wa kumsaidia. Dakika 5 zinatosha, kwa mpangilio huu. Ameketi, mikono mapajani, ahesabu kurudi nyuma kutoka 100 kwa tatu tatu. Macho amefumba, kichwa akiache. Ageuze kulia, kushoto, polepole. Kidole shavuni, kisha akiondoe. Mikono mbele sekunde 20. Amimine maji kikombe hadi kikombe. Atamke "aaaa" sekunde 10, sauti ikikatika-katika itasikika. Achore mzunguko wa konokono kila mkono, kiwiko kisiguse meza, karatasi aende nayo. Atembee hatua 10 na kurudi. Mwisho alale.

Hamisi: Alale na mto au bila?

Mwanaidi (fizio): Mto mmoja mwembamba. Piga ukiwa upande wake wa kulia, ule msuli uonekane. Na asubuhi kabla ya levodopa, halafu rudia saa moja baada ya kumeza. Andika saa kwenye kila video.