Foleni ya methadoni imemkosesha mdogo wangu kazi

Wakuu, nina hasira, mnivumilie. Mdogo wangu ameacha unga (heroini), muda mrefu sasa yuko kwenye methadoni, dawa ya kunywa ya kliniki inayomsaidia asirudi kwenye unga. Vipimo vya mkojo safi, mwili umerudi, ada ya mwanawe analipa mwenyewe. Wiki iliyopita kapoteza kibarua cha ujenzi. Hakuiba, hakulewa. Kisa foleni ya dawa!

Tunakaa Chanika. Kliniki ni daladala mbili, dawa inatolewa asubuhi tu, na lazima uinywe palepale dirishani kila siku ya Mungu, hata Idi na Krismasi. Unapewa kikombe, unameza, unaongeleshwa ili waone mdomo hauna kitu. Siku hiyo mtandao uligoma, foleni ikasimama. Anafika saiti saa tano, fundi kashaweka mtu mwingine. Kesho yake akaomba ahudumiwe mapema. Muuguzi akamjibu mbele ya watu: "Mateja mna haraka ya kwenda wapi?"

Wale wa "hiyo ni kubadilisha unga kwa unga", naomba msinijibu. Methadoni inakaa mwilini siku nzima, ndiyo maana dozi moja inazuia arosto (mateso ya kukosa unga) mpaka kesho na mtu anafanya kazi kama wewe. Akiikosa, mifupa inauma, kamasi, kuhara, usingizi hakuna, na kijiweni kete ya unga inapatikana saa yoyote. Akikosa siku kadhaa mfululizo dozi inashushwa, kwa sababu mwili unakuwa umeanza kuisahau dawa na dozi ile ya zamani inaweza kumuua. Sasa achague kazi au dawa?

Najua kwa nini wananyweshwa mbele ya muuguzi. Dawa inaweza kuuzwa mtaani, mtoto akiinywa anaweza kufa. Hilo sibishi. Lakini aliyeanza juzi na aliyetulia miaka wanabanwaje sawasawa? Marekani, Machi 2020 corona ilipoingia, waliruhusu waliotulia wapewe dozi za hadi siku 28 nyumbani, na 2024 wakaufanya utaratibu wa kudumu. Sisi Tanzania tulianza kutoa methadoni hospitali ya Muhimbili Februari 2011. Mpaka leo ukiuliza dozi ya nyumbani pale kwetu unatazamwa kama mwizi.

Fungueni alfajiri, au jioni watu wakitoka kazini. Waliotulia wapeni hata za wikiendi, kwenye kisanduku cha kufuli.

Kama ndugu yako anapewa dozi za nyumbani, niambie mlimwona nani na walitaka nini. Kapata kibarua kingine Kigamboni, anatakiwa saa moja asubuhi.