Naombeni ushauri: natenda mema kwa imani au nalipa deni?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Kila Jumamosi huwa naenda kumsaidia mama mmoja mgonjwa. Juzi nikiwa namfulia mashuka, mikono imejaa povu hadi viwikoni, akaniuliza, "Mwanangu, unanifulia mimi au unajifulia dhambi zako?" Nilicheka, ila usiku sikulala.

Maana ukweli ni kwamba nahesabu. Nikikosa Jumamosi moja, hata kusali naona haya, kama mtu anayemkwepa mdai wake.

Maandiko nayajua. Waefeso 2:8-9 inasema tumeokolewa kwa neema, si kwa matendo. Mstari wa 10 (ambao wengi tunafunga Biblia kabla hatujaufika) unasema tuliumbwa tutende matendo mema. Abrahamu naye, Paulo anamtaja alipoamini katika Mwanzo 15, Yakobo anamtaja alipomtoa mwanawe Isaka sadaka katika Mwanzo 22. Imani ilitangulia, tendo likaja kuionyesha. Hata Walutheri na Wakatoliki walishatia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki (yaani jinsi mwenye dhambi anavyokubaliwa na Mungu) mwaka 1999, kwa hiyo kichwani sina ugomvi na mtu. Tatizo liko moyoni.

Mzee mmoja wa kanisa kanishauri nipumzike mwezi mzima, nijifunze kupokea neema. Sawa, lakini hayo mashuka nani atafua?

Aliyewahi kupita hapa alitokaje? Niache kwanza moyo utulie, au niendelee hivihivi huku nikiomba Mungu anibadilishe?