Tupeane uzoefu: Nani amewahi kutafuta dawa mpya au za majaribio za saratani ya utumbo mpana?

Mwana wa Kilosa
Habari za usiku wakuu. Leo nilikuwa kwenye benchi pale hospitali ya saratani ya Ocean Road nasubiri dada yangu amalize dripu, mama mmoja akaniuliza, "Mgonjwa wako yuko mstari wa ngapi?" Nikadhani anaulizia foleni. Kumbe anauliza dawa: za mstari wa kwanza zikigoma wanahamia za pili. Dada ana miaka 41, ugonjwa umeshafika kwenye ini. Alianzishiwa FOLFOX, ule mchanganyiko wa dawa za kemo, na picha ya CT ya mwezi huu haikumfurahisha daktari. Ametugusia kwamba huko nje kuna dawa mpya, nyingine bado zinajaribiwa. Aliyepita njia hii aniambie alianzia wapi, nimechanganyikiwa kabisa.

Bint Pangani
Pole sana kaka. Ulivyotaja FOLFOX umenikumbusha mama yangu na friji. Siku ya pili baada ya dripu alishika chupa ya maji baridi, akaiachia na kupiga ukelele. Alisema ni kama amekamata jani la mkonge kwenye ncha. Ni ile oksaliplatini iliyomo kwenye FOLFOX, inafanya mishipa ya fahamu isivumilie ubaridi. Basi joto lote la Tanga mama anavaa glovu za sufu, maji anakunywa ya uvuguvugu. Mwambie dada mapema, sisi hatukuambiwa. Mama alimaliza mizunguko 12 na yupo. Dawa mpya hatukufika huko.

Chuma cha Reli
Nimeweka kambi hapa. Shemeji yangu anaanza wiki ijayo.

Kijana wa Buza
Mkuu usihangaike na mambo ya majaribio, watamfanya dada sungura wa maabara. Chemsha majani ya mstafeli, asubuhi na jioni. Jirani yetu yalimsaidia.

Mama Kulwa
Kijana wa Buza, jirani yako alipimwa wapi na akaonekana hana? Mume wangu aliacha vidonge vya kemo vya Xeloda miezi miwili kwa ajili ya hayo hayo majani. Aliporudi hospitali tumbo limejaa maji. Nimemzika. Mstafeli kula tunda lake ukipenda, lakini usimtoe mtu kwenye dawa.

Kijana wa Buza
Pole kwa msiba mama, sikujua. Ila hata hospitali watu wanakufa.

Mama Kulwa
Wanakufa, ndiyo. Wa kwangu alikufa akiwa amepotezewa muda.

Mzee wa Kirumba
Naomba niandike kwa kirefu, maana hii mada imenigusa.

Baba yangu alitibiwa bawasiri miezi minane, hospitali sitaitaja. Damu kwenye choo, wanampa dawa ya kupaka. Alipokuja kufanyiwa upasuaji uvimbe ulikuwa umeziba utumbo, akatoka na kifuko cha choo tumboni. Mwaka mmoja baadaye ukarudi, kwenye ini. Tukapewa dawa, zikafanya kazi kidogo, zikagoma.

Siku hiyo kulikuwa na daktari kijana. Akafungua faili akauliza, "Kinyama chake kilipimwa MSI?" Tukatazamana. Akasema kile kinyama cha upasuaji bado kipo maabara, kimehifadhiwa kwenye nta, nikifuatilie.

Nilifuatilia wiki tatu. "Njoo Jumatatu." "Aliyeshika ufunguo hayupo." Mwisho mzee mmoja mhudumu akanionea huruma, tukavuta droo moja moja tukitafuta namba. Hatukuipata, mpaka alipogundua kuna mtu aliandika 4 ikasomeka 9. Jamani, kinyama chenyewe! Kijipande cha nta nyeupe, ukubwa kama nusu kiberiti, katikati kuna kidoa cha kahawia kama ukucha wa mtoto. Ndiyo ugonjwa wote wa baba yangu ule.

Nikakifunga kwa pamba, nikakiweka kwenye hotpoti ndogo, nikapanda basi la alfajiri Mwanza kwenda Dar. Nilimwomba kondakta anipe kiti upande usio na jua, naogopa nta isiyeyuke. Singida wenzangu wanashuka kula, mimi nimekaa nimekipakata. Kikapelekwa kupimwa nje ya nchi. Majibu yalichukua wiki tano: dMMR. Daktari aliinuka kutoka kwenye kiti chake. Mimi sijui nifurahi au nilie.

Ngoja, umeme umekata na simu iko asilimia 4.

Chuma cha Reli
Weee! Usituache hapo.

Bint Pangani
dMMR ndiyo nini? Nzuri au mbaya?

Sista wa Zamu
Mimi ni muuguzi, niwaeleze wakati tunamsubiri. Seli zetu zina mafundi wa kusahihisha makosa zinapojigawa. Uvimbe wa dMMR mafundi hao wamekufa, makosa yanajaa, na ndiyo maana kinga ya mwili inaweza kuutambua kama mgeni. Dawa kama Keytruda zinaifungua kinga breki. Mwaka 2020 Marekani waliiruhusu Keytruda iwe dawa ya kwanza kwa wagonjwa wa aina hii ambao saratani imeshasambaa, baada ya utafiti kuonyesha ugonjwa unatulia miezi 16 na nusu kwa wastani wa kati, kemo ikiwa miezi 8. Lakini saratani ikishasambaa, wenye dMMR ni kama 5 katika 100. Kwa wengine wengi haifanyi kazi.

Kwa hiyo mleta mada, kabla hujaulizia dawa, ulizia kipimo. MSI kimoja, ndicho kinachoonyesha kama ni dMMR; cha pili RAS, kinaangalia jeni kama KRAS zimebadilika au la. Dawa ya Erbitux ukimpa mwenye KRAS iliyobadilika unapoteza hela na kumpa vipele vya bure, na hao ni kama 40 katika 100.

Mnyalu Ughaibuni
Niko Minnesota, na mimi mwenyewe ndiye mgonjwa. Niliingia jaribio la awamu ya kwanza mwaka juzi. Fomu ya ridhaa ilikuwa kurasa 20 na zaidi, mke wangu alinisomea mezani usiku mbili. Siku ya kwanza walinitoa damu mara tisa. Dawa haikunisaidia, picha ya pili uvimbe umekua, wakanitoa. Sijutii. Awamu ya kwanza wanatafuta kipimo salama cha dawa, na mimi niliambiwa hivyo wazi.

Nilichojifunza: tafuta mapema, mgonjwa akiwa bado anatembea. Majaribio mengi yanamkataa ambaye ini limechoka au anashinda kitandani. Orodha ni bure, ClinicalTrials.gov, na kwa Afrika kuna PACTR, rejista ya majaribio ya huku. Soma kwanza sehemu ya nani anaruhusiwa.

Kijana wa Buza
Si nimesema! Mara tisa damu, na dawa haijafanya kazi. Huyo si sungura?

Mnyalu Ughaibuni
Sungura haulizwi mdogo wangu. Mimi niliulizwa, nikasaini, na ningeweza kutoka siku yoyote.

Chuma cha Reli
Kuna jamaa WhatsApp anauza dawa ya majaribio kutoka nje, dola 900, anasema nafasi zimebaki tatu. Nimtumie namba yake mleta mada?

Sista wa Zamu
HAPANA. Jaribio la kweli halikuuzii dawa inayojaribiwa. Na kwa hapa Tanzania lazima lipitie NIMR (taasisi ya utafiti wa tiba) na TMDA (mamlaka ya dawa). Mwombe barua za kibali uone kama hajakublock.

Mama Kulwa
Na mimi niliuziwa hivyo hivyo. Vidonge havina hata jina. Tafadhali usimtumie.

Mzee wa Kirumba
Nimerudi, samahanini. Keytruda bima ilikataa. Tukakaa kikao cha ukoo, tukauza kiwanja cha Kisesa na injini ya mtumbwi. Dripu kila wiki tatu. Ya tatu akaanza kuharisha usiku na mchana, kumbe ile kinga iliyofunguliwa imeanza kushambulia utumbo mzima. Wakasimamisha, wakampa prednisolone ya kuituliza kinga, akatulia, wakaendelea. Uvimbe mkubwa wa ini ulikuwa sentimita 5, picha ya mwisho 2. Hela zimeisha kwenye dripu ya tisa. Dawa hii huwa inaendelea hadi miaka miwili, sisi tumeishia hapo. Baba yuko nyumbani anashona nyavu. Picha nyingine ni mwezi ujao, na usingizi sina.

Bint Pangani
Nimelia. Mungu amlinde mzee wetu.

Mnyalu Ughaibuni
Mzee wa Kirumba, mwombe daktari aulize kama kampuni ina mpango wa kuwasaidia wagonjwa. Usiulize wewe, aandike yeye kwa barua.

Mwana wa Kilosa
Nimesoma yote, mara mbili. Dada alifanyiwa upasuaji Morogoro, na hakuna aliyewahi kututajia MSI wala RAS. Nimempigia shemeji sasa hivi atafute karatasi ya maabara yenye namba ya kinyama. Kesho napanda basi la saa kumi na mbili. Hotpoti ninayo.